Friji ya gesi kambini: kuichagua na kuitumia katika joto la Dar es Salaam

Familia inayoondoka Dar es Salaam Ijumaa jioni kwenda kupiga kambi Kimbiji, Saadani au Mikumi kwa kawaida hubeba deli lililojazwa barafu, na kwa usiku wa kwanza deli hilo hutosha. Kufikia Jumamosi jioni barafu imekwisha kuwa maji, mifuko ya nyama inaelea, na samaki aliyenunuliwa soko la Feri akiwa mbichi kabisa anaanza kutoa harufu ambayo kila mtu wa pwani anaijua. Kwa safari ya usiku mmoja sina sababu ya kumshauri mtu aliache deli lake. Lakini kwa safari ya siku tatu na zaidi, mahali pasipo na umeme, na hasa pale ambapo yupo mtoto anayekunywa maziwa au mgonjwa anayetumia insulini, friji ndogo ya gesi ni chombo cha thamani kubwa, ilimradi anayeinunua aelewe jinsi inavyofanya kazi. Makosa karibu yote ninayoyaona kambini yanatokana na watu kuichukulia kama friji ya nyumbani iliyopunguzwa ukubwa, nayo sivyo ilivyo.

Moto unavyozaa ubaridi

Friji ya nyumbani ina kompresa, yaani pampu inayoendeshwa na mota ya umeme. Friji ya gesi haina kompresa, wala haina kitu chochote kinachozunguka ndani yake. Ndiyo maana haitoi sauti. Katika mabomba yake yaliyofungwa daima mna maji, amonia na haidrojeni. Mwali mdogo wa gesi huchemsha mchanganyiko wa maji na amonia, mvuke wa amonia hupanda hadi kwenye mabomba ya nyuma, hupoa na kuwa kimiminika, kisha kimiminika hicho huteremka hadi kwenye bamba la ndani, hukutana na haidrojeni, hugeuka mvuke tena na, katika kugeuka huko, hufyonza joto la vyakula. Baadaye maji huimeza amonia hiyo na mzunguko huanza upya. Walioubuni mfumo huu mwaka 1922 ni Wasweden wawili, Baltzar von Platen na Carl Munters, wakiwa bado wanafunzi wa uhandisi mjini Stockholm, na mwaka 1925 kampuni ya Electrolux ikaununua. Kimsingi haujabadilika hadi leo.

Mambo mawili yanafuata kutokana na maelezo hayo, na mtu akiyashika atakuwa ameshika karibu kila kitu. La kwanza ni kwamba vimiminika ndani ya mabomba husafiri kwa uzito wake vyenyewe, bila kusukumwa na pampu yoyote, kwa hiyo friji ikikaa mshazari vimiminika husimama mahali visipotakiwa na ubaridi hukatika, ingawa mwali unaendelea kuwaka. Ikiachwa hivyo kwa muda mrefu, sehemu inayochemshwa hupata joto kupita kiasi, na mfumo huweza kuziba moja kwa moja. La pili ni kwamba friji hii huhamisha joto kutoka ndani kwenda nje, na uwezo wake wa kulihamisha una mpaka. Watengenezaji wa friji za kubebeka za aina hii kwa kawaida huandika kwamba ubaridi wa ndani unaweza kufika nyuzi 30 chini ya joto la mahali friji ilipo. Hicho ni kilele. Katika matumizi ya kawaida, kifuniko kikifunguliwa na kufungwa, mimi hupiga hesabu kwa tofauti ya nyuzi 20 hadi 25.

Tazama sasa hesabu hiyo inavyosema kwa Dar es Salaam. Kati ya Desemba na Machi joto la mchana kivulini hufika nyuzi 32. Tofauti ya nyuzi 25 inatupa nyuzi 7 ndani ya friji, wakati nyama na samaki wabichi wanataka nyuzi 4 au chini ya hapo. Friji hiyohiyo ikiachwa juani, au ikisogezwa karibu na bati lililopata moto, hewa inayoizunguka inaweza kufika nyuzi 40, na ndani zikabaki nyuzi 15, ambazo hazihifadhi chochote cha maana. Mwezi Julai, usiku unapoteremka hadi nyuzi 20 au chini kidogo, friji ileile inaweza kugandisha maziwa. Kwa hiyo kila ushauri utakaousoma hapa chini, kuanzia dukani hadi ufukweni, una lengo la kulinda zile nyuzi chache tulizonazo.

Dukani: soma kibandiko kabla ya kutazama bei

Nyuma au ubavuni mwa kila friji kuna kibandiko chenye maandishi madogo, na hapo ndipo penye ukweli kuliko maneno ya muuzaji. Tafuta kwanza herufi za daraja la hali ya hewa. Herufi N ina maana kwamba friji imetengenezwa kwa joto la nje lisilozidi nyuzi 32, ST ni hadi nyuzi 38, na T ni hadi nyuzi 43. Kwa pwani yetu chagua T, na ukiikosa basi ST. Friji ya daraja la N huanza kuelemewa pale ambapo mchana wetu wa kawaida unaanzia.

Kisha tazama msukumo wa gesi, ambao huandikwa kwa milibari. Hili lilinigharimu safari nzima. Friji yangu ya kwanza niliinunua ikiwa imetumika, ikiwa imetoka Ulaya, na muuzaji hakuniambia kwamba imetengenezwa kwa milibari 50, ambayo imekuwa ya kawaida katika karavani, yaani nyumba za kukokotwa na gari, za Ujerumani, ilhali regyuleta niliyokuwa nayo, yaani kifaa cha kupunguza msukumo wa gesi ya mtungi, ilitoa milibari 30. Mwali uliwaka, lakini ulikuwa mdogo na dhaifu, na kwa siku mbili vinywaji havikupita hali ya maji ya mtungi wa udongo. Nilidhani friji ni mbovu. Haikuwa mbovu, ilikuwa na njaa. Kinyume chake ni hatari zaidi, kwani friji ya milibari 30 ikilishwa gesi ya milibari 50 hutoa mwali mkubwa, wenye masizi na hewa ya sumu. Namba ya kwenye friji na namba ya kwenye regyuleta lazima zilingane.

Hapa niseme neno kuhusu mitungi yetu. Wengi tunaufahamu mtungi wa kilo 6 kwa jiko linalofungwa moja kwa moja juu yake, na kwa sababu hiyo wapo wanaodhani kwamba mpira wa friji nao unaweza kufungwa hivyohivyo. Usijaribu kamwe. Gesi ndani ya mtungi ina msukumo mkubwa kuliko unaotakiwa na friji kwa mara mia hivi au zaidi, na kazi ya kuupunguza ni ya regyuleta. Nunua regyuleta ya msukumo mdogo inayoingia barabara kwenye valvu ya mtungi wako, kwa kuwa valvu za kampuni moja si lazima zifanane na za nyingine, na uende dukani na mtungi wenyewe badala ya kukisia. Nunua pia mpira uliotengenezwa kwa ajili ya gesi, usiozidi mita moja na nusu, pamoja na klipu mbili za kuubana. Mpira wa maji au wa hewa haufai hata kwa dakika tano. Na kama nyumbani kwako umeunganishiwa gesi asilia ya bomba, fahamu kwamba hiyo si gesi ileile ya mitungi: kitundu cha kutolea gesi katika friji hizi kimepimwa kwa ajili ya gesi ya mitungi, hivyo usiunganishe.

Friji nyingi za aina hii hutumia njia tatu: gesi, umeme wa nyumbani wa volti 230 na umeme wa gari wa volti 12. Hakikisha ile ya umeme wa nyumbani ni volti 230, kwa sababu zile zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hutumia volti 120 na huungua zikichomekwa kwetu. Kuhusu ukubwa, lita 30 hadi 40 zinawatosha watu wanne kwa siku tatu endapo vinywaji vinabaki kwenye deli, na friji ya kiasi hicho ikiwa tupu ina uzito wa kilo 15 hivi, unaobebeka na mtu mmoja.

Ukinunua iliyotumika, mwombe muuzaji aiwashe kwa umeme na uiache kwa saa nane, ndani yake ukiwa umeweka glasi ya maji yenye kipimajoto. Nenda zako Kariakoo, maliza shughuli zako, kisha rudi usome kipimo. Muuzaji asiyekubali masharti hayo ameshakujibu. Kagua pia mabomba ya nyuma: doa la njano au harufu kali inayochoma pua ni dalili kwamba mfumo unavuja, na friji yenye uvujaji huo haitengenezeki kwa bei yenye maana. Kutu ya juujuu inavumilika katika mji wa bahari kama wetu, lakini kutu iliyokula eneo la kichomeo ni sababu tosha ya kuondoka.

Kuna swali ambalo ni haki kulijibu kabla hujatoa fedha. Je, friji ya kompresa ya volti 12 si bora zaidi? Kwa mtu anayehamahama na gari kila siku, ndiyo, ni bora: hupoza vizuri hata kwenye joto kali, hugandisha, na haisumbuliwi na mteremko mdogo. Lakini inataka betri ya pili au paneli ya sola, na gharama yake hupanda haraka. Anayekaa mahali pamoja siku nne bila kuwasha gari, mwenye mtungi mmoja tu, huyo ndiye friji ya gesi imetengenezwa kwa ajili yake.

Gesi kiasi gani?

Kibandiko huonyesha pia matumizi ya gesi kwa saa. Friji nyingi ndogo hutumia kati ya gramu 10 na 15. Chukua gramu 12, zidisha kwa saa 24, utapata gramu 288 kwa siku. Kwa hiyo mtungi wa kilo 3 unatosha siku 10 hivi na wa kilo 6 siku 20, na kwa safari ya mwisho wa wiki unatumia pungufu ya kilo moja. Mtungi wa kilo 15 ni mzigo usio na faida, isipokuwa kama mtapika kwa huohuo. Ili kujua kilichobaki, pima mtungi kwenye mizani na utoe uzito wa mtungi mtupu, ambao umegongwa au kuandikwa kwenye mtungi wenyewe. Kuutikisa mtungi na kusikiliza hakumwambii mtu chochote cha uhakika.

Siku moja kabla ya safari

Friji ya gesi hushindwa kabisa kazi moja, nayo ni kupoza haraka vitu vya vuguvugu. Ukiijaza soda za dukani na nyama iliyotoka buchani asubuhi hiyo, itahangaika hadi siku ya pili. Iwashe nyumbani kwa umeme usiku wa kuamkia safari, ikiwa tupu, kwa saa 8 hadi 12; matumizi yake ni kama yuniti moja ya umeme wa LUKU, ambayo ni gharama ndogo ukilinganisha na thamani ya nyama. Wakati huohuo gandisha nyama na samaki kwenye friza ya nyumbani, wakiwa wamekwisha kusafishwa, kukatwa na kufungwa katika vifurushi vya mlo mmojammoja, na gandisha pia chupa tatu nne za maji ya kunywa. Kila kinachoingia katika friji hii kiingie kikiwa baridi tayari. Changu aliyetolewa matumbo na kugandishwa Alhamisi usiku huyeyuka taratibu hadi Jumamosi na, wakati wote huo, ndiye anayezisaidia nyuzi zako chache, kwa kuwa anafanya kazi ya barafu.

Vinywaji viweke kwenye deli. Hili ni jambo dogo lenye faida kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu watoto hufungua chombo cha soda kila robo saa, na kila kifuniko kinapofunguliwa hewa ya nje yenye unyevu wa pwani huingia ndani. Friji ifunguliwe wakati wa mapishi tu.

Njiani

Gari likitembea, gesi izimwe kwenye mtungi, regyuleta itolewe kwenye mtungi, na mtungi usimamishwe wima, ufungwe usigaragare, madirisha yakiwa wazi kiasi. Friji itumie volti 12. Hakuna hali inayoruhusu mwali kuwaka ndani ya gari, awe mtu anaelekea kituo cha mafuta, yupo kwenye pantoni la Kigamboni, au amekwama kwenye foleni ya Kimara.

Kwenye umeme wa gari friji hii huvuta wati 75 hadi 85, sawa na ampea 7 hivi, na aina nyingi kwa njia hiyo hazina thamostati, yaani huvuta bila kupumzika. Betri ya gari ya ampea-saa 70 ikiachwa nayo huku injini imezimwa inaweza kushindwa kuwasha gari baada ya saa nne au tano. Mkisimama Chalinze kula, chomoa. Usiwashe pia njia mbili za nishati kwa wakati mmoja kwa matumaini ya kupata ubaridi maradufu. Utakachopata ni kuunguza mfumo.

Kambini: mahali, usawa na upepo

Chagua mahali pa friji kabla ya kusimamisha hema. Pawe nje, pawe wazi, na pawe na kivuli kitakachokuwapo saa tisa alasiri, si kile cha saa nne asubuhi. Kivuli cha mnazi huhama na mara nyingi ni chembamba, kwa hiyo ni afadhali kutundika turubai juu, mita mbili kutoka ardhini, ili hewa ya moto ipande na kuondoka. Nyuma ya friji acha nafasi isiyopungua sentimita 20.

Neno «nje» nalisisitiza kwa uzito wote. Mwali hula hewa safi na, usipoungua vizuri, hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu inayoua watu usingizini. Gesi ya mitungi yenyewe ni nzito kuliko hewa, na ikivuja hutambaa na kutuama chini, mahali palepale ambapo watu wamelala kwenye magodoro. Kwa hiyo friji hii haiwashwi kwa gesi ndani ya hema, hata kwenye ukumbi wa hema uliofungwa pande tatu, wala ndani ya gari, wala chumbani, hata kama mvua inanyesha. Mvua ikizidi, zima, funga na usubiri.

Baada ya mahali ni usawa. Beba pimamaji ndogo ya mafundi ujenzi. Ni chombo cha bei nafuu kilichowahi kuokoa kambi ya jirani zetu pale Kigamboni. Walikuwa wameiweka friji juu ya mchanga unaoteremkia baharini, na baada ya saa saba haikuwa na ubaridi wowote, wakaanza kubadilisha mtungi wakidhani gesi imekwisha. Tuliizima, tukaiacha ipoe kwa saa moja, tukatandika ubao mpana chini yake, tukapima kwa urefu na kwa upana, tukaiwasha upya. Usiku huo siagi yao iliganda. Mchanga una tabia ya kuzama upande mmoja kadiri saa zinavyokwenda, kwa hiyo ubao ni wa lazima na kipimo kirudiwe asubuhi na jioni. Mtu asiye na pimamaji anaweza kuweka bakuli la maji juu ya kifuniko na kulinganisha ukingo wa maji na ukingo wa bakuli.

Kisha upepo. Kusi inavuma kuanzia Aprili hivi hadi Oktoba, kaskazi inashika Desemba hadi Machi, na ufukweni zote mbili zina nguvu ya kuzima mwali mdogo. Geuza friji ili upande wa kichomeo usielekee upepo, na ukilazimika kuweka kinga, iwe umbali wa nusu mita na iwe upande mmoja tu. Kuizungushia kanga au turubai ni kuinyima pumzi. Ufukweni kumbuka pia bamvua: maji yanayojaa usiku wa mwezi mpevu au mwandamo hupanda mbali kuliko yale uliyoyaona mchana, na mtungi unaoelea huku umeunganishwa ni balaa.

Simamisha mtungi wima, kivulini, mita moja hivi kutoka kwenye friji na mbali zaidi na jiko la mkaa. Unganisha regyuleta, kaza klipu, kisha fungua valvu ya mtungi huku friji ikiwa bado haijawashwa, na upake povu zito la sabuni kwenye kila kiungo. Mapovu yakikua, gesi inavuja; funga, kaza au badilisha mpira, upime tena. Kiberiti hakitumiki kutafuta uvujaji.

Kuwasha kunahitaji subira. Bonyeza na ushikilie kitufe cha gesi, bofya kiwashio mara kadhaa, na mwali ukishatokea endelea kushikilia kwa sekunde 15 hadi 30, kwa kuwa kuna kifaa cha usalama kinachohitaji kupata joto kabla ya kuiachia gesi iendelee. Kifaa hichohicho ndicho kinachokata gesi mwali ukizimika kwa upepo. Mara ya kwanza baada ya kubadilisha mtungi mpira una hewa, hivyo huenda ukarudia mara tatu au nne, ukipumzika dakika chache kati ya jaribio na jaribio ili gesi iliyotoka itawanyike. Chungulia kwenye kitundu cha kutazamia: mwali uwe wa buluu na utulie. Ukiwa wa njano, kuna uchafu au msukumo usio sahihi. Usitarajie ubaridi wa kuguswa kabla ya saa mbili, na usipandishe kipimo hadi mwisho kwa papara kisha ukasahau, kwani usiku ukipoa mayai yatapasuka.

Usiku katika hifadhi

Ufukweni friji inaweza kukesha ikiwaka. Mikumi na Saadani hali ni tofauti, kwa sababu chakula kilichoachwa nje huita fisi, na nyani wa Mikumi hawahitaji usiku ili kufungua kifuniko. Kwa kuwa haiwezi kuwaka kwa gesi ndani ya gari, utaratibu ninaoufuata ni huu: baada ya chakula cha jioni nazima gesi kwenye mtungi, naacha mwali ufe wenyewe, nasubiri nusu saa sehemu za nyuma zipoe, kisha naiingiza friji kwenye gari na kufunga milango. Ikiwa imejaa na ina chupa mbili za maji yaliyoganda, huvumilia saa nane za usiku bila shida kubwa, hasa ukizingatia kwamba usiku wa Mikumi ni wa baridi kuliko wa Dar. Alfajiri inarudi nje na kuwashwa. Kabla ya yote, waulize askari wa hifadhi langoni kama mioto ya gesi inaruhusiwa katika eneo la kambi ulilopangiwa.

Dawa na chakula

Mama yangu mdogo anatumia insulini, na ndiye aliyenifanya nianze kuyachukulia mambo haya kwa makini. Insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8, na ikiganda imeharibika, hata kama baadaye inaonekana sawa. Hatari ya friji ya gesi kwa dawa hii iko pande zote mbili: mchana inaweza kupanda juu ya 8, na usiku, karibu na bamba la ubaridi, inaweza kushuka chini ya 0. Sisi huiweka katika kopo lenye kifuniko, ikiwa imeviringishwa kwa taulo ndogo, katikati ya friji, mbali na bamba, pamoja na kipimajoto kinachosomwa mara tatu kwa siku. Mgonjwa amwulize mfamasia wake kabla ya safari dawa aliyonayo inavumilia joto gani na kwa muda gani, na asibebe akiba yake yote kambini.

Kwa chakula, cha kuliwa mwisho kikae chini na cha kwanza kikae juu, nyama mbichi iwe kwenye chombo kisichovuja, na pawepo upenyo wa hewa kati ya vitu. Kipimajoto kikisoma zaidi ya nyuzi 5 kwa saa kadhaa, pika samaki na nyama siku hiyohiyo. Wali wa nazi uliobaki usiuingize ukiwa wa moto, wala usiuache nje hadi asubuhi; katika joto letu chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa moja au mbili, na tui ndilo linaloharibika mapema kuliko vyote.

Baada ya kurudi

Futa ndani kwa maji ya vuguvugu yenye siki kidogo, kausha, na uihifadhi friji kifuniko kikiwa kimeachwa wazi kwa kuwekewa kitambaa kilichokunjwa, kwa kuwa unyevu wa Dar huzalisha ukungu ndani ya wiki moja. Ikiwa ilikuwa ufukweni, futa chumvi kwenye mabomba ya nyuma kwa kitambaa chenye maji baridi. Masizi na utando wa buibui kwenye kichomeo viondolewe kwa brashi laini. Kitundu cha gesi kisichokonolewe kwa sindano, kwani kikipanuka kidogo tu mwali hautakuwa sahihi tena, na kikiziba apewe fundi wa vifaa vya gesi akibadilishe. Mpira uliopasukapasuka au kukauka utupwe.

Wiki moja kabla ya safari inayofuata, iwashe friji kwa gesi uani kwa saa tatu, na glasi ya maji na kipimajoto ndani, wakati bado una siku za kumtafuta fundi.